Banjo Ilivyopatanishwa Ireland

Watu wengi hudhani ya kuwa banjo ni chombo cha Wazungu, kumbe asili yake ni Afrika ya Magharibi. Waliochukuliwa utumwani ng'ambo ya bahari walinyang'anywa vyote ila ujuzi wao. Huko wakafanyiza tena chombo cha kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa nyuzi. Tabibu Hans Sloane aliona vyombo vya namna hiyo Jamaika karibu na mwaka 1688. Katika miaka ya 1840 wapigaji wa Marekani waliipeleka banjo Uingereza na Ireland.

Banjo ya nyuzi nne, iitwayo tenori, ilizuka Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya bendi za dansi. Nyuzi zake zilipatanishwa C, G, D, A. Waireland walipoitwaa walitaka ifuatane na fidla, chombo kikuu cha ngoma zao. Wakatia nyuzi nene zaidi, wakazishusha hata G, D, A, E, chini ya fidla kwa oktavu moja, hata vidole vilivyozoea fidla vikaijua njia. Aliyesifika mno kwa kuueneza mpango huo ni Barney McKenna wa kundi la The Dubliners, lililoanzishwa Dublin mwaka 1962.

Iko na njia nyingine, ya kupatanisha wazi. Tukiihesabu G kuwa do, mpango wa fidla ni do, so, re, la. Mpigaji akilegeza re iwe do, na la iwe so, apata do, so, do, so. Sasa, katika nyimbo za G, nyuzi zisizobanwa huvuma pamoja na wimbo bila kugombana nao. Tena mi haimo, nayo ndiyo ibaguayo furaha na majonzi. Kwa hiyo wimbo wenyewe waamua. Hasara yake ni kwamba katika nyuzi mbili nyembamba kila sauti imehama mahali pake, na vidole havina budi kujifunza upya. Wengine hulegeza uzi wa E peke yake uwe D, wasipotewe na mengi.

Wako wasemao kuwa kulegeza hivyo ni kuharibu desturi. Lakini mpango wa fidla wenyewe ulikuwa mageuzi, na kabla yake banjo ilikwisha kugeuzwa mara nyingi. Mwenye kuchagua na apime faida na hasara, kwani njia mbili zilimshinda fisi.