Uongo Mmoja, Filamu Mbili: Safari ya The Children's Hour

Mwalimu mwenzangu, ukitaka kuwaonyesha watahiniwa jinsi udhibiti unavyoweza kumgeuza mhusika, chukua The Children's Hour, tamthilia ya Lillian Hellman wa Marekani iliyoigizwa kwanza New York mwaka wa 1934.

Msuko wake si mgumu. Karen na Martha, marafiki wa tangu chuoni, wanaendesha shule ya bweni ya wasichana. Mary, mwanafunzi mtundu anayekwepa adhabu, anamnong'onezea nyanyake kwamba walimu hao ni wapenzi. Wazazi wanawaondoa watoto wao na shule inafungwa. Hellman alikichota kisa hiki katika kesi halisi ya Edinburgh, Uskoti, ya karne ya 19.

William Wyler aliielekeza hadithi hii kwenye filamu mara mbili. Mwaka wa 1936 kanuni za filamu za Marekani zilikataza mada hiyo, hata jina la tamthilia likaachwa. Filamu ikaitwa These Three. Hellman mwenyewe aliuandika upya mswada: sasa Martha anasingiziwa uhusiano na Joe, mchumba wa Karen. Hellman alishikilia kwamba tamthilia yake inahusu uongo, na kweli msuko haukuporomoka. Kilichoporomoka, kwa maoni yangu, ni mgogoro wa nafsi.

Linganisha na filamu ya 1961, iliyotolewa baada ya kanuni hizo kulegezwa. Audrey Hepburn ni Karen, Shirley MacLaine ni Martha. Mary ananong'ona garini. Tunauona uso wa nyanya ukibadilika, lakini neno lenyewe hatulisikii. Baadaye, shule ikiwa tupu, Martha anamkiria Karen kwamba anampenda. Uongo wa mtoto umemfunulia ukweli aliouficha hata moyoni mwake. Mtahiniwa anayetafuta kinaya asipite hapa mbio.

Hata hivyo, tusiharakishe kuisifu. Martha wa 1936 anaishi. Wa 1961 anajinyonga. Je, kifo hiki ni uhalisia wa jamii ile, au ni ushuru uliotozwa mhusika ili aruhusiwe kutamka? Mimi naona ni ushuru. Swali hili si la Wamarekani pekee. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Aprili 2018. Kahiu alieleza kwamba bodi ya filamu ilimtaka abadilishe mwisho ili Kena aonekane akijuta. Alikataa.