Kioo, Vimelea na Mrututu
Kigali iko mbali na bahari, lakini samaki wa maji ya chumvi anayeugua ndani ya tangi ananivutia kama mwanafunzi wa historia, kwa kuwa ugonjwa wake ulikuzwa na binadamu. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungulia umma jumba la samaki. Baharini, vimelea wachanga hutawanyika na wengi hufa bila kumpata samaki; ndani ya kioo humrudia yuleyule. Mwaka 1931 E. M. Brown alieleza kimelea kimoja kinachoshambulia matamvua na ngozi. Mwaka 1955 Robert Dempster wa San Francisco aliandika juu ya kukitibu kwa mrututu, dawa ya shaba ambayo wakulima wengi wanaijua. Shaba huua vimelea wanaoogelea, si waliojifungia ndani ya gamba, hivyo tiba huchukua wiki kadhaa. Ikizidi humuua samaki mwenyewe. Na kiasi kinachomponya huua konokono na matumbawe. Kwa maoni yangu, anayeshuku vimelea amtenge samaki kwanza, apime kwa hadubini, ndipo atie dawa. Shaba haimsamehe anayebahatisha.