KUPANGA KIJIJI NA KUTUNZA KIJIJI: FUNZO LA BONDE LA KILOMBERO

Katika masomo yetu ya itikadi tumezoea kuihesabu historia ya vijiji kwa maazimio na operesheni: Azimio la Arusha la 1967, Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, Sheria ya Vijiji ya 1975. Tarehe hizi ni muhimu, na kila kada hana budi kuzijua. Lakini mkulima wa Mbingu, katika Bonde la Kilombero, anaijua historia hiyo kwa njia nyingine. Anaijua kwa mtaro ulioziba, kwa kivuko cha kijito kilichochukuliwa na maji ya masika, kwa pampu ya kisima iliyokufa, na kwa umbali wa kutoka nyumbani hadi shamba la mpunga. Makala hii inajaribu kuziunganisha historia hizo mbili. Shabaha yetu ni kueleza kwa nini kijiji kilichopangwa vizuri kwenye karatasi huweza kuchakaa katika masika machache, na ni nani mwenye wajibu wa kuzuia jambo hilo.

Hoja yetu ni moja. Kupanga kijiji na kutunza kijiji ni kazi moja, na lazima ifanywe na watu wale wale. Kila mara kupanga kulipofanywa kazi ya ofisi, na kutunza kukaachwa kuwa mzigo wa mwanakijiji, vyote viwili vimeharibika.

MAJI YALIKUWA MPANGAJI WA KWANZA

Mbingu iko kati ya Ifakara na Mlimba, chini ya Milima ya Udzungwa. Upande mmoja ni mlima. Upande wa pili ni mbuga inayofurika wakati wa masika, hasa kuanzia Machi hadi Mei, mto Kilombero unapovimba. Katikati kuna ukanda wa ardhi iliyoinuka kidogo, iliyojengwa na mchanga na udongo ulioletwa na vijito vinavyoshuka mlimani. Hali hiyo ndiyo msingi wa uchumi wa bonde zima: mpunga hustawi chini, nyumba hudumu juu.

Wakazi wa zamani wa bonde walilielewa jambo hili vizuri. Wandamba, wavuvi na mabingwa wa kuchonga mitumbwi, na Wabena wa bondeni, walijenga kwa kuyafuata maji, kila jamaa mahali palipoinuka karibu na shamba lake na mvuo wake. Makazi yalitawanyika, na nyumba ziliweza kuhamishwa mto ulipobadili njia. Hatusemi kwamba hayo yalikuwa maisha ya peponi. Palikuwa na watawala waliokula jasho la wengine, palikuwa na vita na njaa, na maradhi hayakuwa na tiba ya uhakika. Tunasema tu kwamba aliyechagua mahali pa kujenga ndiye aliyelala hapo mafuriko yalipokuja. Kosa la mpango lilimrudia mpangaji mwenyewe, naye akalisahihisha.

MKOLONI ALIPANGA KWA AJILI YAKE

Ukoloni ulikata uhusiano huo. Baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vilivyoitikisa sana Mahenge na maeneo ya jirani, Mjerumani alitaka watu wahesabike, walipe kodi na watoe vibarua. Mwingereza aliyemfuata alikuwa na haja zile zile. Katika miaka ya 1940 serikali yake iliwakusanya watu wa sehemu za kusini mwa nchi katika makazi maalumu kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Lakini uamuzi ulitolewa na ofisi, na mwananchi alipewa kazi mbili tu: kuhama na kufyeka.

Sehemu nyingine ya historia hii ni misheni. Wakapuchini wa Uswisi waliingia nchini mwaka 1921 na kuendeleza kazi iliyoachwa na Wabenediktini wa Kijerumani, na katika bonde hili parokia zikawa vituo vya shule, matibabu na ufundi. Kada anayetazama mambo kwa macho ya sayansi hapaswi kuyapuuza majengo yale ya zamani. Kwa nini mengi yangali yamesimama? Kwa sababu tangu mwanzo utunzaji wake uliwekewa fungu: palikuwa na fundi, na mtu aliyeulizwa paa linapovuja. Nguvu za kufyatua matofali na kubeba mawe zilitoka kwa waumini wenyewe. Upungufu wake ulikuwa mmoja, nao ni mkubwa: uamuzi ulibaki mikononi mwa wachache. Waumini walijifunza kutunza wasichokipanga.

Hata mwishoni mwa ukoloni mtindo haukubadilika. Uchunguzi mkubwa wa Bonde la Rufiji, uliofanywa na shirika la FAO na kutolewa mwaka 1961, uliliona bonde kama beseni la maji ya kumwagilia na kuzalisha nguvu. Ulikuwa uchunguzi wa kitaalamu wenye manufaa. Lakini katika ramani za namna hiyo mkulima huonekana kama nukta tu, wala haulizwi neno.

UHURU, RELI NA VIJIJI

Mwezi Septemba 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Ujamaa Vijijini. Msingi wake ulikuwa wazi: watu waingie katika vijiji kwa hiari, baada ya kuelewa, nao wajiamulie mambo yao. Sababu za kuishi pamoja zilikuwa za kweli. Shule, zahanati na maji ya bomba havigawanyiki kwa nyumba zilizotawanyika mwituni. Hoja hiyo ilikuwa sahihi wakati ule, na hata leo ni sahihi.

Katika Kilombero historia iliongeza jambo la pekee. Ujenzi wa Reli ya TAZARA ulizinduliwa Oktoba 1970, na kufikia Novemba 1971 njia ilikuwa imefika Mlimba, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam. Reli hiyo yenye jumla ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ilikuwa silaha ya ukombozi, kwani iliiwezesha Zambia kuepuka njia zilizoshikwa na makaburu na Wareno. Ilipita chini ya Udzungwa, katika ukanda ule ule ulioinuka. Wananchi wakasogezwa kando kando ya reli, ili wafikiwe na huduma na pia wawe walinzi wa mali ya taifa.

Kisha, tarehe 6 Novemba 1973, ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Nchini kote kazi ikafanywa kwa haraka ya ajabu. Kufikia mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi katika vijiji zaidi ya 7,000. Haraka hiyo ilikuwa na gharama yake. Katika Bonde la Kilombero nyumba zilipanda kandokando ya barabara na reli, lakini mpunga haukuweza kuhama. Shamba la bondeni likabaki mbali, pengine mwendo wa saa kadhaa. Mkulima akafanya alilolazimika kufanya: akajenga kibanda na dungu shambani, akahamia huko na jamaa yake miezi ya kilimo, kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko.

Matokeo yake kila kada anayefanya kazi katika bonde anayafahamu. Kwa nusu ya mwaka kijiji hubaki na wazee. Mtoto huamua kati ya shule na shamba, na mara nyingi shamba hushinda. Kibandani hakuna choo wala zahanati, na mbu ni wengi, msimu ule ule malaria inapokuwa kali. Mitaro ya kijijini huziba wakati hasa mvua inapoijaza, kwa sababu wenye kuizibua wako bondeni. Mpango ulihesabu kaya ukasahau msimu.

SHERIA NZURI, UMANGIMEZA MBAYA

Sheria ya Vijiji ya 1975 ilikipa kijiji chombo chake: Mkutano wa Kijiji, Halmashauri isiyozidi wajumbe 25, na kamati tano, zikiwemo za fedha na mipango, ulinzi, na ujenzi na usafirishaji. Kwa maandishi, kupanga na kutunza viliwekwa katika nyumba moja. Lakini wakati huo huo serikali za mitaa zilikwishafutwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972, na vyama vya ushirika vikafutwa mwaka 1976. Madaraka yaliyosemwa kuwa yamekwenda kwa wananchi yalikwenda kwa watumishi. Mpango wa kijiji ukawa karatasi ya kujazwa ili ipelekwe wilayani. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuvifuta vyombo hivyo viwili lilikuwa kosa, na katika miaka hiyo vyote vilirudishwa kwa sheria.

Mfano wa maji unatosha. Mwaka 1971 TANU iliazimia kwamba katika miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumba yake. Visima vilichimbwa na mabomba yakalazwa, na maji yalitolewa bure. Lakini mafanikio yalipimwa kwa kuhesabu vilivyojengwa. Pampu ilipokufa, kipuri kilikuwa mkoani, fundi alikuwa mkoani, na fungu halikuwapo kabisa. Lengo la 1991 halikufikiwa, na sera ya mwaka huo ikaanza kumtaka mwananchi achangie.

Tulinganishe na kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadili malaria, safura, kichocho na maji machafu, kisha wakaamua wenyewe la kufanya. Walifyeka nyasi, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo vingi mno nchini kote. Vifaa vilikuwa jembe na panga tu. Aliyejadili ndiye aliyechimba, na kwa hiyo alijua kwa nini choo kile kisiachwe kibomoke.

BONDE LA LEO NA MAPAMBANO YA ARDHI

Leo jambo hili lina uzito mkubwa zaidi, maana bonde limejaa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilitangazwa mwaka 1992, na mwaka 2002 mbuga ya Kilombero ikaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wafugaji wamekuja na mifugo yao, na operesheni ya kuwaondoa ikafanyika mwaka 2012. Huko Mngeta, jirani na Mbingu, shamba lenye zaidi ya hekta 5,000, lililoanzishwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Korea Kaskazini, lilipita mikononi mwa kampuni binafsi mwaka 2008. Kila mmoja ana ramani yake. Swali ni hili: je, kijiji kina ramani yake?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaiweka ardhi chini ya Halmashauri ya Kijiji kama mdhamini, na Mkutano wa Kijiji una sauti. Lakini sauti isiyotumika hukauka. Kijiji ambacho mipaka yake haijapimwa, ambacho hakijatenga malisho, njia za maji na akiba ya vijana, kitapangiwa na mwingine. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoikumba Rufiji na sehemu za Mkoa wa Morogoro, yametukumbusha kwamba maji nayo hayajaacha kupanga.

WAJIBU WA KADA

Kutokana na historia hii tunapata mafunzo manne.

Kwanza, mpango wa kijiji katika bonde lazima uanze na kalenda ya maji na mpunga. Mkutano unaoitishwa Machi, watu wakiwa shambani, unawaacha nje wenye kijiji.

Pili, kila kinachojengwa kiandikiwe siku hiyo hiyo jina la mtunzaji, fungu lake na mahali pa kupata kipuri. Kiongozi anayefungua kisima bila mambo hayo matatu amefungua deni.

Tatu, wanaotumia ndio waamue. Wanawake ndio wachotaji wa maji, nao wanajua kisima kipi hukauka Oktoba na kipi huingiliwa na mafuriko. Kamati ya maji isiyowasikiliza inapanga gizani.

Nne, kazi ya kujitolea haiwezi kuwa badala ya haki ya kuamua. Mwananchi anayeitwa kuzibua mtaro ana haki ya kusomewa mapato na matumizi ya kijiji chake. Kada anayelisukuma la kwanza na kulificha la pili anarudisha mtindo wa mkoloni, hata kama amevaa shati la kijani.

Wanafunzi wa itikadi wanaotumwa vijijini watafute kwanza daftari la kumbukumbu za mikutano na kutembea na wenyeji kuikagua mitaro. Wakilinganisha yaliyoandikwa na yaliyopo ardhini, wataona pale maamuzi ya wananchi yalipoishia. Kazi ya Chama inaanzia hapo.