Mali Bila Daftari

Mashine ya kwanza ya kushtua moyo iliyopakiwa kwenye gari na kumfuata mgonjwa alipo ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi, na umeme wake ulitoka kwenye betri za gari. Aliyeiunda, mwaka 1965, ni Frank Pantridge, daktari wa moyo katika hospitali ya Royal Victoria mjini Belfast. Alikuwa mtu wa maneno makali, na kifo alikuwa amekiona kwa karibu. Singapore ilipoanguka mwaka 1942 alitekwa na Wajapani, akapelekwa kwenye ujenzi wa reli ya Burma, akarudi kwao akiugua beriberi, ugonjwa ambao nao hushika moyo.

Hoja yake ilikuwa nyepesi na ya kuudhi. Wengi wanaouawa na shambulio la moyo hufa mapema, katika saa ya kwanza, kabla hawajamwona daktari. Ukijenga wodi nzuri kuliko zote, bado unamtandikia kitanda mtu ambaye hatafika. Basi wodi na imfuate mgonjwa. Januari 1966 gari lake lilianza kazi, na mwaka uliofuata yeye na mwenzake John Geddes walichapisha matokeo katika jarida la The Lancet. Kufikia 1968 mashine ilikuwa imepungua hadi kilo 3, kwa msaada wa kapasita ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya NASA.

Wamarekani waliidaka mbio. Uingereza yenyewe ilijivuta: ni mwaka 1990 ndipo magari yote ya wagonjwa yaliyo mstari wa mbele nchini humo yalipokuwa na mashine hiyo. Miaka 25 kwa wazo lililozaliwa nyumbani!

Nieleze kidogo kinachotokea kifuani, maana sinema zimetudanganya. Kwenye sinema mstari unanyooka, daktari anapaza sauti, shoti inapigwa, mgonjwa anazinduka. Moyo ambao mstari wake umenyooka haupigwi shoti. Mashine hii ni ya moyo ambao bado una umeme lakini umepoteza mpangilio. Misuli inatetemeka ovyo, kama ngoma moja inayopigwa na watu kumi, kila mmoja na mdundo wake, na damu haiendi popote. Shoti inawanyamazisha wote kwa mpigo mmoja ili mpigaji halali apate nafasi ya kuanza upya. Claude Beck alifanikiwa kufanya hivyo kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1947 mjini Cleveland, kifua cha mvulana wa miaka 14 kikiwa wazi kwenye meza ya upasuaji. Mwaka 1956 Paul Zoll alionyesha kuwa inawezekana bila kupasua.

Tangu hapo historia nzima ya chombo hiki ni historia ya kupunguza umbali. Kilitoka chumba cha upasuaji kikaenda wodini, kikatoka wodini kikapanda gari, kikashuka kwenye gari kikatundikwa ukutani. Sababu ni kwamba kila dakika inayopita bila kifua kubonyezwa na bila shoti hupunguza uwezekano wa kupona kwa hadi asilimia 10. Ikikuchukua dakika nane kuleta mashine, piga hesabu mwenyewe.

Jaribio lililowashawishi wengi lilifanyika katika viwanja vya ndege vya Chicago kuanzia 1999. Difibrileta zilitundikwa mahali ambapo mtu anazifikia kwa mwendo wa dakika moja hadi moja na nusu. Katika miaka miwili watu 18 walidondoka pale, mioyo yao ikitetemeka kwa namna niliyoieleza, na 11 wakaokolewa. Ninachokipenda zaidi katika taarifa ile ni kwamba waokoaji wa sita kati ya hao 11 hawakuwahi kufundishwa kutumia mashine hiyo. Ukifungua kifuniko inazungumza. Inakuambia ubandike vibandiko wapi, inausoma moyo wenyewe, na kama shoti haihitajiki inakataa kuitoa hata ubonyeze vipi.

Baada ya hapo zilisambaa Uingereza kote: vituo vya treni, kumbi za vijiji, kuta za baa, vilabu vya mpira. Machi 17, 2012, Fabrice Muamba, mchezaji wa Bolton aliyezaliwa Kinshasa, alianguka uwanjani White Hart Lane jijini London mbele ya maelfu ya watu. Moyo wake haukufanya kazi kwa dakika 78, na akapona. Vijiji navyo vilipata masanduku yake kwa njia ya ajabu kidogo. Kampuni ya simu ya BT, kuanzia 2008, iliwapa wanajamii fursa ya kununua vibanda vyekundu vya simu visivyotumika tena, kwa pauni moja. Kibanda kina paa, kinaonekana kutoka mbali, na tayari kina waya wa umeme wa taa, jambo muhimu kwa sababu kabati la mashine huhitaji joto kidogo wakati wa baridi kali. Kwa hiyo mahali ambapo watu walikuwa wakikimbilia kupiga 999 pakawa mahali pa kukimbilia chombo chenyewe.

Hapo ndipo tatizo jipya lilipozaliwa, na halikuwa la umeme wala la udaktari. Waswahili tuna msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Masanduku yalinunuliwa na kamati za vijiji, makanisa, misikiti, viwanda, familia zilizofiwa. Kila mmoja alitundika lake, akapiga picha, akaenda zake. Mpokea simu wa 999 hakuwa na njia ya kujua. Yeye humwambia mpigaji, “Kuna mashine mita 200 kutoka hapo, mtume mtu, namba ya siri ya kabati ni hii,” iwapo tu mashine hiyo ipo kwenye kompyuta yake. Kama haipo, hata ikiwa ng’ambo ya barabara, kwake haipo duniani. Na huduma za magari ya wagonjwa ziko 14, kila moja kwa miaka mingi ikiwa na orodha yake.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 shirika la British Heart Foundation na washirika wake walianza kuziunganisha orodha hizo kuwa sajili moja ya taifa, iitwayo The Circuit. Kusajili ni bure. Kila mashine huandikwa na mlezi wake, mtu mwenye jina na simu, na si “kamati”.

Mimi ni mlezi wa akiba wa mashine moja katika mji mdogo wa Midlands ninakoishi. Kazi haina utukufu wowote. Unafungua kabati, unaangalia kama alama ya kijani inaonekana, kwa kuwa mashine hujipima yenyewe na kijani maana yake ni kwamba imejiridhisha. Unasoma tarehe kwenye pakiti ya vibandiko. Gundi yake hukauka, na kibandiko kisichoshika ngozi hakipitishi umeme sawasawa. Betri hukaa miaka kadhaa, vibandiko vichache zaidi. Kisha unaingia kwenye sajili na kuthibitisha. Ukinyamaza muda mrefu, mfumo unakutumia vikumbusho, na ukiendelea kunyamaza mashine yako inaondolewa kwenye skrini ya mpokea simu. Wapo wanaoona huo ni ukali. Kwangu ni afadhali kuliko kumtuma mtu akimbilie kabati tupu wakati mwenziwe amelala sakafuni. Vivyo hivyo ikishatumika: huhesabiwa haipo hadi mlezi aseme imewekewa vibandiko vipya.

Mwaka juzi tulizunguka mji kwa miguu, watu watano, kuhesabu. Tulikuta mashine sita. Mbili hazikuwa kwenye sajili. Moja, kwenye mapokezi ya kiwanda kimoja, ilikuwa na vibandiko vilivyopitwa na muda kwa miaka mitatu, na mlango wa kiwanda hufungwa saa kumi na moja jioni. Msichana wa mapokezi alishangaa kwa dhati. Alidhani ni kisanduku cha huduma ya kwanza cha kawaida.

Suala la mlango kufungwa si dogo. Watafiti wa Copenhagen, katika kazi iliyochapishwa 2013, walichunguza difibrileta 552 zilizosajiliwa jijini humo. Karibu zote zilifikika mchana wa siku za kazi. Zilizofikika saa zote zilikuwa 50. Ilhali zaidi ya nusu ya mioyo iliyosimama hadharani ilisimama jioni, usiku au wikendi. Daftari linaloandika mahali bila kuandika saa ni nusu daftari.

Tena sajili ikishakuwa nzuri inaanza kusema mambo ambayo hakuna aliyeyauliza. Utafiti mwingine, wa 2023, ulipima umbali kutoka makazi ya Uingereza, Scotland na Wales hadi mashine inayofikika saa 24. Wastani ulikuwa mita 726. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita moja na nusu, mbio, usiku, pengine mvua inanyesha. Na katika maeneo maskini ya Uingereza na Scotland umbali ulikuwa mrefu zaidi kuliko kwa matajiri. Haishangazi: mashine hununuliwa kwa michango, na mtaa wenye kuchanga ndio wenye kutundika. Lakini kabla ya ramani hiyo ilikuwa hisia tu, na hisia haipelekwi kwenye kikao cha halmashauri.

Sisi tuliipeleka. Mtaa wa nyumba za kupanga ulio nyuma ya reli, wenye watu wengi kuliko katikati ya mji, haukuwa na mashine hata moja. Ya karibu ilikuwa kwenye klabu ya tenisi, ndani ya geti. Mabishano yalichukua miezi saba, na sehemu kubwa ilihusu nani atalipia vibandiko miaka ya mbele, kwa kuwa kununua kuna picha na kutunza hakuna. Mwishowe kabati lilifungwa kwenye ukuta wa duka la Mpakistani mmoja afungaye saa tano usiku, nje, chini ya taa. Yeye ndiye mlezi. Vibandiko vya sasa vinaisha muda Machi, na vipya ameshaviagiza.