Aubrey Herbert, Askari na Mbunge

Aubrey Herbert, aliyezaliwa mwaka 1880, mwana wa Lodi Carnarvon wa nne wa Uingereza, alijaliwa nasaba tukufu na elimu ya Oxford, lakini macho yake yalikuwa dhaifu hata akakaribia kuwa kipofu. Na Mola aliyemnyima nuru ya macho alimruzuku ulimi, kwani alisema Kifaransa, Kiitalia, Kijerumani, Kialbania, Kituruki na Kiarabu. Mwaka 1911 aliingia Bungeni kwa jimbo la Somerset Kusini.

Vita vilipozuka mwaka 1914, naye akijua ya kuwa kwa macho yale hatakubaliwa jeshini, alinunua sare ya kikosi cha Irish Guards, akajitia katika safu yao walipokuwa njiani kwenda kupanda meli, akavuka nao hadi Ufaransa. Septemba alijeruhiwa na kutekwa, na kabla mwezi haujaisha Wafaransa wakamkomboa.

Lakini fadhila yake kubwa, kwa rai yangu, ni ile ya Gallipoli, katika nchi ya Uturuki, alikopelekwa baadaye. Waturuki waliposhambulia tarehe 19 Mei 1915 na kurudishwa nyuma, maelfu ya maiti walibaki juani baina ya mahandaki, na uvundo ukawa adhabu kwa pande zote mbili. Ndipo Herbert, aliyekuwa mtarjumani wa majeshi ya Australia na New Zealand, akashikilia kwa wakubwa wake kwamba wafu wazikwe, mpaka yakapatikana mapatano ya kusimamisha vita tarehe 24 Mei, tangu saa moja u nusu asubuhi hadi saa kumi u nusu alasiri. Siku hiyo alipita kati ya makaburi akisema na Waturuki kwa lugha yao, na jioni, alipowaambia kwamba kesho watampiga risasi, walimwomba Mungu aepushe jambo hilo. Adui aombewaye dua na adui si mtu mdogo.

Aliporudi Bungeni hakuuacha mwendo huo: mwaka 1920, askari wa serikali walipolipiza kisasi kwa raia wa Ireland, alisimama kuwapinga, ingawa chama chake kilikuwa katika serikali hiyo. Waalbania, aliowatetea kwa miaka mingi, walimwazia ufalme wao mara mbili, asiutwae.

Alifariki Septemba 1923, umri wake miaka 43, damu yake ikiwa imeingia sumu baada ya kung'olewa meno. Na wakati huo alikuwa angali mbunge, ila sasa kwa jimbo la Yeovil.