Nani Atalipa Ikivunjika?

Kila serikali inapotangaza kuunganisha huduma, mimi hukumbuka Mkataba wa Kampala wa tarehe 6 Juni 1967. Waasisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliyajua manung'uniko ya Uganda na Tanzania kwamba Nairobi ilikuwa imelimbikiziwa makao makuu. Wakayagawa: Bandari Dar es Salaam, Posta na Simu Kampala, Reli na Ndege zikabaki Nairobi, Sekretarieti Arusha.

Ulikuwa uamuzi wa busara, lakini haukutosha. Maamuzi makuu yalingoja ridhaa ya marais watatu. Baada ya mapinduzi ya Idi Amin mwaka 1971, Nyerere alikataa kuketi naye. Baadaye fedha za mashirika zikazuiliwa zisivuke mipaka. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mgawanyo wa mali na madeni ulisubiri makubaliano ya mwaka 1984, na wastaafu wake nchini Tanzania waliendelea kudai mafao yao kwa miongo kadhaa.

Mtumishi anayehamishiwa chombo cha pamoja haulizi kwanza habari za ufanisi. Huuliza nani atamlipa kikivunjika. Ajibiwe siku ya kutia saini, si siku ya matanga.