Weupe na Kijani Katika Chumba cha Upasuaji

Rangi ya ukuta hudhaniwa kuwa pambo tu, lakini katika chumba cha upasuaji imepata kuwa shauri la uhai na mauti. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mpasuaji wa Ulaya alifanya kazi yake amevaa koti jeusi lililoganda damu, wala hakuona haya. Mwaka 1867 Joseph Lister, tabibu wa Glasgow, alitangaza namna ya kuzuia vidonda visioze kwa asidi ya kaboliki, akifuata mafundisho ya Louis Pasteur juu ya vijidudu. Baadaye usafi ukawa sheria, na weupe ukawa shahidi wake, kwa kuwa juu ya ukuta mweupe uchafu hauna maficho. Kuta, shuka na mavazi vikafanywa vyeupe.

Kizuri hakikosi ila. Taa zenye nguvu zilipoingia, weupe ule uliurudisha mwanga machoni kwa ukali. Mpasuaji aliyeinua uso kutoka katika kidonda alikuwa kama mtu atokaye gizani akakutana na jua. Aliporejea kidondani alikawia kuona. Tena, jicho lililokaza kutazama damu huchoshwa na wekundu, na likigeukia mahali peupe huona vivuli vya kijani vikielea. Kukawia huko, kisu kikiwa mkononi, si jambo dogo kwa aliyelala mezani.

Mwaka 1914 Harry Sherman, mpasuaji wa San Francisco, alikifanya chumba chake kuwa cha kijani, rangi iliyo kinyume cha wekundu wa damu. Katika chanikiwiti hiyo jicho hupumzika, vivuli vile humezwa na ukuta, na nyama nyekundu hupambanuka vema.

Waliotetea weupe hawakuwa wajinga. Walichelea uchafu usifichwe. Lakini ukuta mweupe huonyesha doa, hauonyeshi kijidudu. Na kijidudu huuawa na mvuke na dawa, si rangi. Hivyo, katika karne ya 20, mavazi na shuka za kijani, kisha za buluu, zilienea katika vyumba vya upasuaji, na weupe ukabaki katika koti la tabibu apitaye wodini. Weupe ulimhakikishia mtazamaji kwamba pahali ni safi. Kijani kilimsaidia mtendaji kuona. Penye kisu, haki ya kwanza ni ya jicho linalokiongoza.